Jakaranda za Barabara ya Stesheni

Ninyi wanne mliobaki kwenye kikosi cha bustani mliniomba niwaandikie namna ya kupogoa mti wa maua kabla sijasahau. Nilicheka mlipoomba, maana msumeno uliobaki ni mmoja, nao meno yake yamekwisha kama yangu. Lakini mliomba kwa heshima, na mchana wa mstaafu ni mrefu. Basi nimekaa, nimeandika.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe. Kuna cheo kimoja tu ambacho siwezi kukiruka, nacho kitafika mahali pake.

Nilitoka Mutshatsha nikiwa kijana, miaka ile nchi ilipokuwa imebadilishwa jina ikawa Zaïre, nasi sote tukaanza kuitwa Citoyen, yaani raia. Nilidhani nakwenda kuchimba shaba. Karani wa kuajiri alinitazama kifua, akatazama mikono, akanipeleka bustani. Kampuni ya shaba ya Kolwezi wakati ule ilikuwa na nyumba za wakubwa, hospitali, shule, na barabara ndefu zenye miti pande mbili: jakaranda za maua ya zambarau, flamboyant za maua mekundu, franjipani kwenye nyua. Mgeni akiiona miti ile alidhani imeota yenyewe kwa adabu namna ile. Hakuna mti unaoota kwa adabu. Kila tawi lililoacha njia kwa gari na kivuli kwa mtu, kuna mtu alipanda ngazi kulifikiria.

Mtu huyo alikuwa Tata Kalonji, yaani Baba Kalonji, mkuu wa kikosi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa Kolwezi, katika nyumba za wafanyakazi. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na alivaa kofia ya mgodi aliyoitoboa matundu ili kichwa kipate hewa. Aligombana na kila mtu. Msumeno wake hakumwazima mtu yeyote, hata chef wa service, mkubwa wetu wa idara, alipouomba akate mti wa nyumbani kwake. "Niite, nitakuya kukata," alimjibu. "Lakini musumeno haitembeake yenyewe."

Siku ya kwanza hakunipa chombo chochote. Alinisimamisha mbele ya jakaranda ya barabara ya stesheni akaniambia, "Zunguka. Uniambie wapi inaumia."

Nilizunguka mara tatu. "Tata, haiumii."

"Zunguka tena."

Nilizunguka mpaka saa sita. Kufikia hapo nilikuwa nimeona tawi kavu juu upande wa kushoto, matawi mawili yaliyosuguana mpaka magome yakatoka vidonda, na chipukizi nyembamba iliyopanda wima katikati kama fimbo. Nilipomwonyesha, hakunisifu. Alisema tu, "Kesho utapanda." Tangu siku ile sijaweza kupita chini ya mti bila kuutafutia maumivu. Ni ugonjwa, nao nimewaambukiza ninyi.

Wiki ya pili tulikwenda kwenye flamboyant ya ua wa hospitali. Nilipewa tawi nene kama paja, nikaanza kulikata kutoka juu kwa nguvu zangu zote. Nilipofika nusu, tawi likavunjika kwa uzito wake, likaanguka huku likivuta gome la shina, likalichuna kuelekea chini urefu wa mkono mzima. Mlio wake ulikuwa kama wa kitenge kinachopasuliwa. Akina mama waliokuwa wakingoja wagonjwa wao walipiga kelele.

Tata Kalonji alikuja, akaweka kiganja kwenye kidonda kile cheupe kilichokuwa kikitoa maji. "Umeichuna sawa mbuzi," alisema. Kisha hakuniongelesha siku mbili.

Siku ya tatu alinifundisha, na alichonifundisha ndicho hiki. Tawi zito halikatwi mara moja, hukatwa mara tatu. Kwanza, shibiri moja kutoka kwenye shina, kata kutoka chini kwenda juu, theluthi ya unene. Pili, sogea nje kidogo, kata kutoka juu mpaka tawi lianguke. Likianguka, gome litakomea kwenye ule mkato wa chini. Tatu, kitabaki kisiki kifupi, nacho ukiondoe bila haraka. Tazama pale tawi linapotokea kwenye shina: pamevimba kidogo, pana mikunjo kama shingo ya mtoto mnene. Ile shingo usiiguse. Ukate nje yake, karibu nayo, si ndani yake. Ukiiacha, mti utafunga kidonda wenyewe, mwaka baada ya mwaka, mpaka ubaki mviringo mzuri kama mdomo uliofumbwa. Ukiikata, hautafunga kamwe. Na ukiacha kisiki kirefu, kitaoza na kuupeleka uozo ndani ya shina.

Jambo moja Tata Kalonji alikosea, nalo nitalisema kwa kuwa ni kweli. Alipenda kupaka vidonda lami. Nilifuatilia vidonda vile kwa miaka. Vilivyopakwa lami vilinyauka juu vikaoza ndani, na visivyopakwa vilifunga. Nilimwambia mara moja. Hakusema nami wiki nzima, lakini lami ikaanza kukauka ndani ya kopo, wala hakuagiza nyingine.

Kuhusu wakati: kiangazi. Mvua ikikoma, subirini baridi ya Juni ipite, mfanye kazi Julai na Agosti, wakati flamboyant na franjipani zimepukutisha majani na mnaona mifupa yote. Malizeni kabla joto la Septemba halijaamsha jakaranda. Masika msikate, isipokuwa tawi limekufa au linataka kumwangukia mtu, maana kidonda hakikauki na ukungu unaingia. Anzeni na kilichokufa, kisha chenye ugonjwa, kisha kinachosuguana na kingine. Halafu shukeni kwenye ngazi, mrudi nyuma hatua kumi, mtazame. Mara nyingi kazi imekwisha. Mkiona haijaisha, robo ya matawi ndiyo mwisho kwa mwaka mmoja. Kinachobaki kingojee kiangazi kingine. Flamboyant ile ya hospitali tulichukua viangazi vitatu kuipunguza uzito. Mimi ningeimaliza kwa asubuhi moja, na ningeiua.

Yote haya tuliyajua vizuri, na hayakutusaidia siku agizo lilipotoka juu kwamba mgeni mkubwa anakuja, na miti ya barabara kuu inaziba picha na vitambaa vilivyotundikwa. Vichwa vyote vikatwe. Ilikuwa Februari, mvua inapiga kila alasiri.

"Chef, tungojee mwezi wa saba," Tata Kalonji alisema.

"Citoyen, mgeni hatangojea mwezi wa saba."

"Basi miti itakufa."

"Itakufa akishapita."

Tulikata siku nne, tukilowa. Tata Kalonji alikataa kuacha matawi yamekuwa visiki vitupu. Alitulazimisha tushuke kila mara mpaka kwenye tawi la pembeni lenye kuweza kuchukua nafasi ya lile tulilokata. Kazi ikawa ndefu mara mbili, chef akatukana, yeye akaendelea. Mgeni hakuja. Vitambaa vililowa vikateremshwa. Kabla ya miaka mitatu kupita, flamboyant nne zilikuwa na uyoga mgumu shinani, tukaziangusha sisi wenyewe. Alipomaliza ya nne, Tata Kalonji alikaa juu ya kisiki akala muhogo wake. Nami nilidhani hilo ndilo jambo baya zaidi nitakaloliona katika kazi hii.

Miaka ikaenda. Kikosi kilichokuwa cha watu thelathini kikawa cha kumi na wawili. Gari la ngazi lilikufa, sekatere, ile mikasi mikubwa ya matawi, zikaisha moja moja. Barabara ya stesheni tuliishika mpaka mwisho, kwa sababu Tata Kalonji alisema mtu anayeshuka kwenye treni aone kwanza kitu kilichotunzwa. Ukisimama Oktoba mbele ya stesheni, maua yalikuwa juu na maua yalikuwa chini, na lami ya barabara huioni.

Kisha yakaja yale maneno. Yalianza mikutanoni, yakashuka sokoni, yakafika kazini: wenye asili ya Kasai warudi kwao. Watu waliokuwa wamekopeshana chumvi miaka ishirini wakaanza kuulizana babu alizaliwa wapi. Asubuhi moja kwenye mwito wa majina, chef alitoka na karatasi akasoma wale ambao hawatakuja kazini tena. Kalonji alikuwa wa kwanza. Alikuwa ameinama akipaka mafuta msumeno wake.

"Mi nilizaliwa hapa," alisema, bila kuinua sauti.

Chef aliitazama karatasi. "Citoyen, si mimi niliyeandika."

"Naelewa. Mi nasema tu: nilizaliwa hapa."

Hapo chef aliita jina langu. Alisema kuanzia leo Citoyen Muteba ndiye mkuu wa kikosi. Hicho ndicho kile cheo. Wote walinitazama, na Tata Kalonji naye akanitazama. Nikasema, "Ndiyo, chef." Tangu siku ile nimetafuta maneno mengine ambayo ningeweza kusema, na nimeyapata mengi, mengine mazuri sana. Lakini siku ile nilisema, ndiyo, chef.

Aliweka msumeno juu ya meza, akavua kofia yake yenye matundu, akatoka.

Baada ya siku chache vijana waliipiga mawe nyumba ya kampuni aliyokuwa akikaa huko Dilala. Yeye na mkewe, Mama Mbuyi, na wajukuu watatu walibeba walichoweza, wakaenda stesheni kama wengine kungojea treni. Treni haikuja. Watu walijaa uwanja mzima, chini ya mabati na mashuka, na magodoro, na cherehani, na picha za arusi zimeegemezwa ukutani. Wiki zikawa miezi. Watoto walianza kuharisha. Kila nilipopita niliona kitambaa cheupe kimefunika kitu kidogo.

Nilikwenda kumtazama Tata Kalonji nikiwa na unga. Nilimkuta amekonda, ana homa, anawafokea wanaume wawili waliokuwa wamening'inia kwenye tawi la jakaranda wakilivunja kwa mikono. Tawi lilichunika na gome lake. Mmoja alimjibu, "Mzee, muti ni yako?"

Mama Mbuyi alinivuta pembeni. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, ambaye miaka yote alinikaribisha chakula kabla sijakaa. "Muteba mwanangu, hatuna kuni," alisema. "Batoto banakunywa mayi mubichi. Ye anakataza batu kukata, na nyungu yake mwenyewe iko baridi."

Tata Kalonji alisikia. Alitazama juu kwenye matawi. Ulikuwa mwezi wa saba, wakati wenyewe kabisa.

"Lete musumeno," aliniambia. "Kama miti itakatwa, ikatwe muzuri."

Kesho yake nilikwenda na msumeno, ngazi, na vibarua wawili. Siku ya kwanza tulitoa matawi makavu tu, nayo yaliwaka vizuri. Siku ya pili tulitoa yale yaliyosuguana. Tata Kalonji aliletewa kiti, akawa ananiongoza kutoka chini kwa kidole: lile, acha lile, rudi nyuma. Kwa siku mbili tulikuwa tukifanya kazi yetu, na ningeweza kusema kwamba tulifurahi. Siku ya tatu robo ilikuwa imekwisha, na akina mama bado walikuwa wamepanga mstari na sufuria zao.

Nilimtazama nikiwa juu ya ngazi. Yeye aliutazama ule mstari.

"Endelea," alisema.

Nilikata nusu, nikakata vichwa, nikafika mashinani. Miti kumi na minne ya upande wa stesheni. Kuni mbichi za jakaranda haziwaki vizuri, zinatoa moshi mweupe unaouma macho, na uwanja mzima ukawa unalia, wenye msiba na wasio na msiba. Lakini maji yalichemka. Mti wa mwisho ulipoanguka, Tata Kalonji alikuwa amegeuza kiti chake kuelekea reli.

Ofisini chef aliniuliza miti ya stesheni imepatwa na nini. Niliandika kwenye ripoti: upogoaji wa kiangazi. Aliisoma, akatia sahihi.

Lazima niseme na jambo lingine, ingawa halihusu miti. Mkuu wa kikosi alikuwa na haki ya nyumba, na nyumba iliyokuwa wazi ilikuwa moja. Wiki ile ile chef alinipa ufunguo. Sisi tulikuwa tunalala watu tisa katika vyumba viwili huko Kasulo, na maji tunayachota mbali. Mke wangu aliuweka ufunguo mezani akasema, "Usipoingia wewe, ataingia mwingine." Nimeyapindua maneno yale kila upande, sikuona uongo ndani yake. Nilikuwa nimekwisha kwenda kuitazama nyumba mara mbili, nikafagia vioo vilivyovunjwa kwa mawe.

Treni ilikuja mchana mmoja, mabehewa ya mizigo yasiyo na viti, na mengine hayana paa. Watu walipanda wakikanyagana. Nilimbeba Tata Kalonji mgongoni. Alikuwa mwepesi kama fungu la majani. Tulimkalisha kwenye kona, juu ya godoro lililokunjwa, Mama Mbuyi akapakata mjukuu mmoja na kuwashika wengine wawili kwa nguo. Alinishika mkono.

"Muteba, nani ataingia mu nyumba yangu?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliuhisi pajani.

"Sijue, Tata."

"Akiingia, umwambie robinet ya inyuma inavuja. Asikaze sana, itakatika. Afunge na kamba ya mpira."

"Nitamwambia."

Nilikuwa nimekwisha kuiona ile robinet, bomba la maji la uani. Nilikuwa nimekwisha kuikaza.

Mabehewa yakavutwa. Hakupunga mkono, wala mimi sikupunga. Mama Mbuyi ndiye aliyeinua mkono wa mtoto akaupunga kwa niaba yao wote, na treni ikaondoka kati ya visiki.

Mnaotaka kujua mti uliokatwa shinani hufanya nini: mvua ya kwanza ikinyesha, kisiki cha jakaranda hutoa chipukizi ishirini, thelathini, zinasimama wima kama ufagio. Msiziache zote. Mwaka wa kwanza chagueni tatu zilizoshika vizuri pembeni mwa kisiki, mwaka wa pili mbakize moja, mwondoe nyingine wakati wa kiangazi. Baada ya miaka kumi mtakuwa na mti, ingawa shingo yake itakuwa dhaifu daima. Nilifanya hivyo kwa vile visiki kumi na vinne. Nilichagua tatu kwa kila kimoja nikafunga alama za kitambaa. Kabla ya Pasaka zilikuwa zimekatwa, watu wanataka kuni, na siwezi kuwalaumu. Mwaka uliofuata nilichagua tena, zikakatwa tena. Mwaka wa tatu sikwenda.

Barua ilifika na dereva wa lori, kijana wa Kiislamu ambaye jamaa zake wanafanya biashara ya kupeleka mizigo mpaka Kasai. Alikuwa ameitunza ndani ya kofia yake zaidi ya mwezi. Mama Mbuyi hajui kuandika. Aliyemwandikia alikuwa na mwandiko mzuri wa shule. Tata Kalonji alifariki njiani, siku ya sita. Treni ilikuwa imesimama kwa kukosa mafuta, nao walimzika kando ya reli, mahali ambapo hakuna kibao cha jina. Mama Mbuyi anasema udongo ulikuwa laini. Mjukuu mmoja alimfuata babu yake. Wawili wazima, wanasoma. Ananishukuru kwa zile kuni, anasema Mungu hatazisahau. Mwisho ananiomba, siku nikipita mbele ya nyumba yao, niwasalimie majirani, mmoja mmoja kwa majina yao, na akayataja.

Nilikuwa nimekaa barazani kwake nikiisoma. Majirani niliwasalimia jioni ile ile. Walikuwa upande wa pili wa ua. Barua sijaijibu mpaka leo.